Kabla ya Kahawa Kulikuwa na Itoka

Hospitali ya Misheni,
Nyanza.

Kwa ndugu yangu Ng'ang'a,

Nakuombea barua hii ikukute una afya, umeshiba na umekaa chini, kwa sababu kuna mahali humu ukisoma umesimama utatafuta ukuta wa kuegemea. Mimi ni mzima. Malaria hunitembelea kila mvua ikinyesha, tumeshazoeana. Mguu wa Mami unaendeleaje? Ile ng'ombe nyekundu bado inampiga teke kila anayeikama, au iliuzwa? Na shangazi yetu, tata wa Kamenu, bado anafungia sukari sandukuni na kulala na ufunguo? Niambie hayo yote ukijibu, kama utajibu.

Naandika Kiswahili makusudi. Usidhani nimesahau Kikuyu kwa kukaa huku ziwani. Kikuyu ni cha Mami na bibi yetu Cucu, na nikikitumia kwa maneno haya nitalia. Kwa Kiswahili naweza kukugombeza vizuri macho yakiwa makavu.

Barua yako ilinikuta nachemsha sindano. Hiyo ndiyo kazi yangu ya asubuhi: sindano za kioo ndani ya sufuria, maji yachemke, nizitoe kwa koleo nizipange juu ya kitambaa safi. Mchana nafua bendeji. Kuna usaha hautoki hata usugue na jivu. Sista mkuu ni mkali lakini hapigi mtu. Wagonjwa wengine wakisikia jina langu huuliza kama nilikula kiapo cha watu wa msituni, na kuna mzee mmoja alikataa dawa kwa sababu kijiko kilikuwa mkononi mwangu. Nilimwambia akipenda ainywe kwa kiganja. Sasa ananitafuta mimi peke yangu, wengine anawafukuza. Nalala chumba kimoja na wasichana wawili wa jikoni, wazuri wote wawili, isipokuwa wanakula samaki na macho yake wakinitazama ili wacheke.

Hii ni barua yako ya kwanza tangu nitoke nyumbani. Sikulaumu. Ulikuwa bado mdogo, ulikuwa kwa tata ukisoma, na najua hakuna aliyekupa anwani yangu mpaka ulipoiiba kwa Mami. Nimefurahi kuona mwandiko wako umenyooka. Lakini "Nina heshima kukujulisha", Ng'ang'a? Mimi ni karani wa mahakama? Mimi ndiye nilikuwa nakupangusa kamasi kwa ncha ya leso yangu.

Nimepokea pia kifurushi chako, na ile sweta ndogo ya samawati aliyofuma tata. Umeuliza mtoto wangu ni wa kiume au wa kike. Hilo nitakujibu mwisho, kwa sababu nikianza nalo sitafika kwa mengine.

Basi tuingie kwa mambo yako. Unasema uko mwaka wa mwisho hapo shuleni kwenu Thika, na mwalimu wenu amewaambia kila mmoja atafute mada ya uchunguzi, kitu cha kwao, akifuate mwaka mzima, akiandike, na wale bora wasome mbele ya wageni. Anayesoma vizuri siku hiyo anapata barua ya kumfungulia mlango wa chuo. Mwalimu amesema mada ichaguliwe mapema, na mkishaandikwa ubaoni hakuna kubadilisha. Wenzako wanakuna vichwa, wewe tayari unayo: "Shamba la Kahawa la Baba Yangu, Mfano kwa Watu wa Theta." Unataka kuipeleka Ijumaa ya mwisho ya muhula. Umebakiza mwanzo tu. Umemwuliza Baba pale palikuwa na nini kabla ya kahawa, akasema, "Magugu." Hukuridhika, ukanikumbuka mimi, kwa sababu ulisikia na mimi nilifanya uchunguzi kama huo nikiwa shule.

Umefanya vizuri kuchagua mapema. Umefanya vizuri zaidi kuuliza. Mimi najua palikuwa na nini, na nitakuambia.

Shuleni kwetu ilikuwa sheria hiyo hiyo. Mwalimu wetu wa jiografia, mama mmoja mwembamba aliyekuwa akivaa soksi hata jua likiwaka, alitusimamisha wiki ya kwanza ya mwaka. Alisema mada ni kama maharagwe, anayengoja mvua iishe ndipo apande atakula majani. Wasichana walicheka. Wengi walingoja, na walipofika mada nzuri zote zimekwisha, wakabaki na "Faida za Kuku" na "Usafi wa Choo". Mimi niliinua mkono siku hiyo hiyo. Nikasema nitaandika juu ya itoka, maua ya mipaka ya kwetu Theta. Jina langu likaandikwa ubaoni, mbele yake itoka, na ikawa yangu.

Wewe umekulia mjini, labda hujaitazama vizuri. Itoka ina kitunguu kikubwa chini ya ardhi na ua jeupe lenye mistari myekundu. Mvua ya kwanza ikinyesha inachanua hata kama hakuna aliyeigusa mwaka mzima. Wazee walikuwa wakikata mpaka, watu wa pande zote mbili wanasimama pamoja mbele ya mashahidi na kupanda itoka kwenye mstari. Baada ya hapo hakuna uzio wala mti unaohitajika. Cucu aliniambia mtu hang'oi itoka hata akiwa amelewa, hata akiwa na hasira na jirani yake. Ukiikata inaota tena. Ukiitupa itaota pale ulipoitupa, ikuaibishe.

Likizo ya Aprili nilirudi nyumbani na kalamu yangu na maringo yangu. Tulikuwa bado ndani ya kijiji cha imajensi, ile hali ya hatari ya serikali, nyumba zimebanana, mtaro kuzunguka, na kwenda shamba ni kwa ruhusa. Baba alikuwa upande wa serikali, hilo unalijua, ndiyo sababu sisi tulikuwa na bati na wengine nyasi. Kwa hiyo ruhusa mimi sikunyimwa. Nilizunguka na Cucu. Mama wa Baba alikuwa mzee lakini miguu yake ilinishinda, akipanda kilima anaimba za kanisa na mimi nyuma nahema. Alinionyesha kila mpaka wa upande wetu wa mto, nani alipanda na nani, kondoo wa nani alichinjwa, nani alichelewa siku hiyo akakuta nyama imekwisha. Nilichora yote.

Mpaka wetu na wa Karanja ulikuwa mzuri kuliko yote. Karanja unamkumbuka, yule jirani fundi wa mbao aliyekuwa akikutengenezea gari la vijiti. Wakati huo alikuwa kizuizini, na mke wake Wambui alikuwa peke yake na watoto. Itoka zilishuka kutoka njia ya juu mpaka mtoni, zimechanua, mahindi ya Wambui huku na viazi vyetu kule. Karibu na mto kulikuwa na shina moja nene ambalo lilikuwa limekumbatia jembe. Jembe lilivunjika siku ya kupanda, Cucu akasema, na guka, babu yako, kwa hasira akalizika hapo hapo na kitunguu cha itoka. Mizizi ikalishika, kikabaki kipande cha chuma chenye kutu kinachungulia nje. Nilicheka sana, nikalichora na jembe lake. Wambui alikuwa akipalilia, akaniuliza, "Hata sisi tutaandikwa kwa kitabu cha Wazungu?" Nikamwambia ndiyo. Akapangusa mikono kwa nguo kama mtu anayetaka kupigwa picha.

Agosti niliporudi kamati ya kuunganisha mashamba ilikuwa imeanza kazi, na Baba yumo ndani. Nilitaka kuziona itoka wakati wa baridi, kwa sababu mwalimu alisema nifuate mwaka mzima. Nilifika shamba nikafikiri nimepotea njia. Hapakuwa na hata moja. Udongo umelimwa laini, mashimo ya kahawa yamechimbwa kwa kufuata kamba, yamenyooka, kutoka viazi vyetu mpaka katikati ya mahindi ya Wambui na kuendelea. Wambui alikuwa amekaa kwenye ukingo wa njia na jembe mapajani. Nilimsalimia. Alinitazama, akasema, "Umeshatuandika?"

Nilimwuliza Baba. Alikuwa anakula. Alimeza kwanza, maana Baba hasemi na chakula mdomoni, ni mtu wa adabu. Akasema, "Mke wa Karanja amepewa kipande kingine kule kwenye changarawe. Serikali inapanga vizuri. Mada yako ni ile ile ya maua?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Badilisha. Andika juu ya kuku." Nikamwambia haiwezekani, jina langu liko ubaoni tangu Januari, na kuku wana mwenyewe. Akasema sawa na akaendelea kula.

Sasa nisikilize vizuri kwa habari ya Cucu, kwa sababu hapa na wewe umo.

Cucu alisikia. Alivaa kitambaa chake cheupe cha kanisa akaenda mwenyewe mbele ya kamati, bila kuitwa. Nilimfuata. Wazee wa kamati walikaa kwenye viti nje ya ofisi ya chifu, watu wamesimama. Alisema mpaka wa nyumba yake na nyumba ya Karanja uko kwenye itoka, na yeye alikuwepo zilipopandwa, na mashahidi wengine wamekufa amebaki yeye. Aliyesimama kumjibu alikuwa Baba. Alimwita "Mami" kwa upole kabisa. Akasema, "Mami, itoka gani? Twende utuonyeshe."

Wakaenda wote. Cucu mbele, anaimba. Alipofika juu ya shamba akanyamaza. Alianza kushuka anatazama chini, akafika mtoni, akapanda tena, akashuka. Akainama na kupapasa udongo kwa mikono kati ya mashimo ya kahawa. "Zilikuwa hapa," akasema. "Mwanangu, si zilikuwa hapa?" Baba akamwambia, "Mami, hapa hapajawahi kuwa na kitu." Mtu mmoja akacheka, halafu wengine. Baba alimshika mkono akamrudisha nyumbani polepole, akimwonyesha mawe asijikwae, na watu walimsifu kwa kuwa na huruma kwa mamake. Mimi niliwaambia nimeziona, nimezichora. Mzee mmoja wa kamati aliniuliza kama siku hizi wasichana wa shule wanachora mashamba au wanachora wanaume. Wakacheka tena.

Kutoka siku hiyo kila mgeni aliyekuja aliambiwa kichwa cha Cucu kimeharibika. Akisema chumvi imeisha, watu wanatazamana. Akisema ng'ombe amefungua kamba, hakuna anayeinuka, na ng'ombe ameshafungua kamba kweli. Yeye mwenyewe mwisho akaanza kuniuliza, "Wangari, tulizunguka mimi na wewe, ama niliota?" Nikamwambia tulizunguka. Akasema, "Na wewe umeambiwa uniitikie tu, ili nisikasirike?" Hata mimi hakuniamini tena.

Na wewe ulikuja kututembelea mwezi huo, Ng'ang'a. Ulijifunika blanketi, ukashika fimbo, ukawafuata kuku ukiwauliza kwa sauti ya Cucu, "Itoka yangu iko wapi? Umeona itoka yangu?" Baba alicheka mpaka akapangusa macho, akakupa kijiko cha sukari. Cucu alikuwa mlangoni. Ulikuwa mtoto, najua. Lakini kwa kuwa unataka kuandika habari ya shamba hilo, hiyo nayo ni habari yake.

Utauliza itoka zilikwenda wapi. Niliziona Jumapili iliyofuata. Ukutani mwa kanisa, upande wa mlango wa wanawake, kulikuwa na mstari mpya wa maua yaliyopandwa vizuri na kumwagiwa maji. Majani yamekatwa, lakini itoka naijua hata bila majani. Nilizifuata mpaka mwisho wa mstari. La mwisho lilikuwa shina nene, na kwenye mizizi yake kilichungulia kipande cha jembe.

Nilimtazama Mami. Alikuwa ndani anaimba, amefumba macho. Tulipokuwa tunarudi nilimwuliza ni nani amepanda maua kanisani. Alisema ni yeye. Baba alimwambia azing'oe azichome pamoja na magugu, yeye mwenyewe hakuzigusa hata kwa kiatu. Mami alizing'oa. Kuchoma aliogopa, kutupa aliogopa. Akaona nyumba ya Mungu ndiyo mahali pekee ambapo zikiota hakuna atakayeuliza. Jembe hakuweza kulitoa bila kuvunja mizizi, akaogopa na hilo. "Ni maua tu, Wangari," akaniambia. "Yamependeza kanisa." Halafu akanishika kwapani kwa nguvu, ikaniuma, akasema, "Mimi nalala naye nyumba moja. Wewe una shule."

Basi nikarudi shule nikaandika. Usinifanye shujaa. Nilikuwa msichana anayetaka alama nzuri, na nilikuwa na hasira kwa ajili ya Cucu. Niliandika Aprili zilikuwa wapi na Agosti ziko wapi. Niliandika jembe. Sikumtaja Mami, nilisema "mtu fulani". Kama ningengoja kama wenzangu, kama ningechagua Juni, ningekuta mashimo ya kahawa na kuyachora. Mwalimu alifurahi sana akasema hii ndiyo maana ya kuanza mapema, na nikachaguliwa kusoma siku ya wazazi.

Baba alikuja. Alikaa mbele na koti lake la kamati, karibu na bwana DO, yule Mzungu afisa wa wilaya. Nilisoma yote, mpaka jembe. Niliposoma jembe nilimtazama, naye alikuwa akinitazama kama mtu anayesikiliza mahubiri mazuri. Nilipomaliza watu walipiga makofi. Bwana DO aliuliza kama ua hilo lina jina la Kilatini. Alisema ni desturi ya kuvutia sana. Wakati huo makofi yalikuwa yamepungua, isipokuwa ya mtu mmoja aliyeendelea. Baba alipiga makofi mpaka nikaketi.

Halafu akamwendea mwalimu mkuu, akatoa kofia, akasema mamake ni mgonjwa sana na ananiita. Nilipewa ruhusa siku hiyo hiyo. Tulifika Thika akaninunulia mandazi na chai, tukakaa kwenye benchi nje ya duka la Mhindi. Hakugombana. Aliniuliza kama chai ina sukari ya kutosha. Nilidhani amenisamehe, au labda anaona haya, na nilikula mandazi yote. Tulipofika Ruiru hatukushika njia ya nyumbani. Tulikwenda stesheni. Sanduku langu dogo lilikuwa hapo tayari, limefungwa kamba, nikajua Mami amelifunga kwa sababu fundo lilikuwa lake. Baba akanipa tiketi na barua ya mchungaji mmoja wa huku. Akasema, "Ulichagua mapema, basi umemaliza mapema." Alinisaidia kupandisha sanduku.

Mtihani ulikuwa umebakiza wiki chache. Shule aliwaambia nina mimba. Kanisa aliwaambia nina mimba. Tata, na wewe, na Mami ambaye alijua si kweli, wote mliambiwa nina mimba, na Mami alikaa kanisani karibu na maua yake akaombewa kwa ajili yangu. Nilipata habari kwa barua ya mwalimu wa jiografia. Aliandika amesikitika sana kwa kuwa nilikuwa na akili. Ukiambiwa msichana ana mimba, Ng'ang'a, hakuna anayekumbuka tena alisema nini juu ya shamba.

Cucu alikufa mwaka uliofuata. Sikuitwa. Mami aliniandikia mistari michache, akasema mpaka siku ya mwisho Cucu alikuwa akiuliza wanaoingia kama mvua imeanza.

Sasa umeniandikia na unasema kahawa imezaa vizuri, matunda ya kwanza yamekwenda kiwandani, bwana shamba ameleta watu waje waone. Unasema Karanja anaachiliwa, anarudi mwezi ujao. Na unasema, nayanakili maneno yako mwenyewe, "Baba ana moyo mzuri kwa sababu ameahidi kumpa Karanja kazi ya kuchuma kahawa kwetu, ingawa alikuwa mtu mbaya." Nilisoma hapo sindano zikachemka mpaka maji yakakauka, na Sista akanikata mshahara wa sindano iliyopasuka. Karanja atachuma kahawa kwenye mahindi ya mke wake, na jioni atasema asante.

Unataka nikuambie ufanye nini. Sitakuambia. Nakujua, una woga wa Mami na ulimi wa Baba. Ukiandika "Mfano kwa Watu wa Theta" utasoma vizuri, utapigiwa makofi, utakwenda chuo, na utakuwa mtu mkubwa ambaye siku moja atanitumia blanketi. Karo yako inatoka kwenye miti hiyo, sabuni yako, hata wino ulioniandikia. Ukiandika lile lingine, basi omba Mami akufundishe kufunga sanduku. Hakuna njia ya katikati, nimeitafuta miaka hii yote juu ya sufuria. Jambo moja tu: ukishaandikwa ubaoni huwezi kusema hukujua, kwa sababu sasa unajua, na hata ukiichoma barua hii utajua. Nimekufanyia ukatili, naona. Lakini uliuliza.

Kabla ya Ijumaa hiyo nenda Theta Jumapili. Mvua itakuwa imeanza. Simama mlango wa wanawake, ufuate mstari wa maua mpaka la mwisho, uiname, utie mkono kwenye mizizi. Halafu urudi uchague. Na ule mwanzo ulioniomba, nakupa, uweke juu ya habari yoyote utakayoandika, nao utakaa sawa: Kabla ya kahawa kulikuwa na itoka.

Nisalimie Mami sana, mwambie mguu aukande na maji ya chumvi, na mwambie nimesikia maua yake yameongezeka. Nisalimie tata wa Kamenu kwa mikono yake ya kufuma. Msalimie Wambui wa Karanja, na ukiweza kumtazama machoni mwambie bado ameandikwa. Karanja akifika mpe mkono wangu, usimwambie lolote, mwache apumzike kwanza. Na Baba msalimie kwa heshima. Akiuliza nimesema nini, usijibu. Mpigie makofi, usiache mapema, atanielewa.

Sasa sweta. Nimeiangalia vizuri, ni kazi safi, vifungo vimekaa. Nimeikunja nikaitia ndani ya kifurushi hiki irudi kwa tata, ampe mtoto yeyote wa hapo Kamenu kabla nondo hawajaila. Huku hakuna mtoto, Ng'ang'a. Hajawahi kuwepo.

Ni mimi dada yako,
Wangari.